Kima punju wamewekewa matuta, watoto wetu tumeambiwa tuwafunge kamba

Mama wa Fuoni aliandika:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nimetoka mkutanoni sasa hivi, hata buibui sijavua, na ninaandika kwa sababu nikilala na maneno haya yatanikaa kooni mpaka alfajiri. Bwana yule mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwani hakuna mkaazi wa njia yetu hii ambaye hajawahi kurukishwa kando na honi ya gari lake. Leo alikuja kusikiliza ombi letu la tuta na kivuko mbele ya skuli. Akamsikiliza bibi mwenye umri wa kumzaa, akauzungusha ufunguo wa gari kidoleni, kisha akamjibu: "Kama mnaogopa magari, wafungeni watoto wenu kamba."

Wafungeni kamba! Anayefungwa kamba ni mbuzi, tena mbuzi mwenye tabia ya kula mihogo ya watu. Bibi wa watu alibaki ameushika mtandio wake, mdomo wazi, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Barabara hii ilipokuwa na mashimo, mashimo yenyewe ndiyo yaliyokuwa matuta yetu, kwa sababu hata mwenye haraka zake alipunguza mwendo kwa kuzihurumia shokapu. Ilipotiwa lami mpya, ikanyooka na kupanuka, tulishangilia. Haikupita wiki magari yakaanza kupita kwa kasi ambayo kuku wa mtaa mzima wamehamia upande mmoja wa barabara na wanaishi huko kama wakimbizi. Njia ya waendao kwa miguu haikujengwa, na mistari ya kivuko haikuchorwa. Tuliichora wenyewe kwa chokaa, mvua ya kwanza ya vuli ikaifuta. Vijana wakalaza gogo la mnazi, likaondolewa usiku uleule, na kila mtu anajua liliondolewa kwa amri ya nani.

Nendeni mkasimame pale saa sita na nusu mchana, watoto wanapotoka. Leo nilimwona mtoto wa darasa la kwanza amemshika mdogo wake mkono. Anatia mguu kwenye lami, anaurudisha, anautia tena, anaurudisha. Nilihesabu mara 11. Aliyewavusha ni muuza mikate aliyesimamisha baiskeli yake katikati ya barabara na kutandaza mikono, huku gari lililokuwa likija likimpigia honi kana kwamba yeye ndiye mkosa. Saa chache baadaye naambiwa niwafunge kamba!

Nani kati yenu hajapita Jozani? Barabara ya kusini inapokata msitu, yamewekwa matuta kwa ajili ya kima punju, mnyama asiyepatikana kwingine duniani isipokuwa visiwani mwetu. Walikuwa wakigongwa mno, matuta yakawekwa, na vifo vikapungua. Nafurahi kwa ajili yao, na Mwenyezi Mungu awazidishe. Lakini nataka bwana yule aje anijibu hapahapa: kima wa Jozani walifungwa kamba?

Dereva wa Njia alijibu:

Pole, Bi mkubwa, kwa maneno uliyoambiwa, maana hakuna mzee anayestahiki kujibiwa hivyo. Lakini umeandika kama kwamba tuta ni dawa ya kila maradhi, na mwenzako ninayalipia matuta hayo kila mwezi. Ninaendesha daladala. Tuta linamwagwa usiku, asubuhi halina rangi, halina kibao, limechongoka kama paa la banda, na ya kwanza kuligundua ni springi yangu. Mwezi uliopita nililipanda moja gizani, utingo akagonga kichwa darini na abiria mmoja akamwagikiwa na mchuzi wa pweza mapajani. Mkishapata tuta lenu pale skuli, kila mwenye duka atataka lake, na kutoka Mwanakwerekwe mpaka Fuoni tutakuwa tunapanda mawimbi kama walio jahazini.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Dereva, kilichokuumiza ni umbo baya la tuta. Tuta la mviringo lililofanyiwa majaribio Uingereza katika miaka ya 1970 lina kimo cha sentimita 10, lakini limetandazwa kiasi cha mita 3.7 kufuata mwelekeo wa barabara, hivyo gurudumu linapanda na kushuka taratibu, na anayekwenda polepole hapati tabu. Letu lina upana wa hatua moja, kwa hiyo linamwadhibu mpole na mkorofi sawasawa.

Kuhusu mwendo, niliwafundisha watoto hesabu hii kwa miaka mingi: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki mpaka gari lisimame unazidi mara nne. Mwenye kilomita 30 kwa saa anamwona mtoto na kusimama, ilhali mwenye 60, mahali hapohapo, hana tena nafasi ya kusimama. Ndiyo maana mawaziri wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm kuzungumzia usalama barabarani mwezi wa Februari 2020 walitaka 30 iwe ndio ukomo pale ambapo waendao kwa miguu na wapanda baiskeli wanachanganyika na magari. Kibao peke yake hakitoshi. Barabara ikiwa pana na nyoofu, inamwita dereva akanyage mafuta, lakini ikibanwa mbele ya skuli, kukawa na kisiwa katikati cha kupumzikia anayevuka, na kivuko kikainuliwa kikawa sawa na njia ya miguu, dereva atapunguza mwenyewe bila ya kuhubiriwa. Wenzetu wa Dar es Salaam wamefanya kazi ya namna hii kuzunguka skuli zao kwa mradi wa usalama barabarani uitwao SARSAI, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya kimataifa.

Mama wa Fuoni alijibu:

Mwalimu, ahsante, lakini maneno haya uliyoyasema kwa utulivu ndiyo bibi yule aliyoyasema kwa lugha yake, akaambiwa kamba. Ufunguo ulikuwa ukizunguka kidoleni. Siwezi kuusahau ule ufunguo.

Mtoto wa Wete alijibu:

Dada, umechukua aya nzima kuwahesabia kuku, na nilikaribia kudhani unataka kivuko cha kuku. Nyinyi wa Unguja angalau mmejibiwa, ingawa mmejibiwa vibaya. Huku Pemba kwetu barabara zina vilima na kona, na kuna tuta limewekwa mara tu baada ya kona ya mteremko, bila ya kibao. Pikipiki iliyobeba watu wawili na dumu la mafuta ya kula inalifikia kabla dereva hajaliona. Tuliomba tuta, tukaletewa mtego, na aliyeuleta hajaonekana tena tangu siku ile.

Muuza Samaki wa Malindi alijibu:

Kila mtu anazungumzia gari. Mimi ninatoka dikoni Malindi na tenga la samaki nyuma ya baiskeli mpaka Jang'ombe, na tuta linalokata barabara nzima, ukingo hadi ukingo, linanirushia vibua barabarani. Tunachotaka wapanda baiskeli ni upenyo mdogo pembeni ya tuta ili sisi tupite sawa huku gari likipanda. Palipoachwa upenyo, bodaboda wameufanya mlango wao, wanapita humo bila ya kupunguza hata kidogo, na mwenda kwa miguu aliyesimama pembeni anakimbilia mtaroni.

Dereva wa Njia alijibu:

Hapo kwenye bodaboda nakuunga mkono. Na wale wanaoegesha juu ya njia ya miguu pale Darajani je? Akina mama wanashuka na vikapu vyao katikati ya barabara, halafu sisi ndio tunaolaumiwa.

Muuza Samaki wa Malindi alijibu:

Mwalimu, wewe ndiye uliyetupa vipimo vya tuta. Ni upana gani wa upenyo utakaopitisha baiskeli yenye tenga lakini ukaizuia bodaboda? Tenga langu nimelipima sasa hivi, lina sentimita 70.