Naomba ushauri: kumpeleka mama na watoto Pwani kuona nyangumi, twende Agosti au Desemba?

MamaWaNakuru

Wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wa wenyeji wa Pwani na wa yeyote anayezijua safari za kuwatazama viumbe wa baharini. Nina binti wa miaka 9 na kaka yake wa miaka 12, ambao tangu waone video za nyangumi kwenye intaneti hawana wimbo mwingine nyumbani, na huyo mdogo amejaza daftari zake michoro ya fisi maji akielea chali baharini. Mama yangu mzazi, aliyevuka miaka 70 na asiyewahi kupanda chombo cha majini, ameomba tusimwache.

Fedha niliyoweka inatosha safari moja tu, ama likizo ya Agosti ama ya Desemba. Nimesikia kwamba Desemba bahari huwa shwari, nami naelekea huko kwa ajili ya mama. Je, nyangumi watakuwapo? Tuelekee Watamu, Wasini, au tuvuke mpaka hadi Mafia? Tena, nitamtambuaje nahodha anayewajali wanyama? Nisingependa wanangu wajifunze kwamba mnyama hutazamwa kwa kukimbizwa.

MkaaziWaWatamu

Karibu Pwani, dada. Ikiwa nia yenu ni nyangumi, chagueni Agosti. Wanaopita kwetu ni nyangumi wenye nundu, ambao hushiba uduvi katika bahari ya kusini karibu na Antaktika, kisha hupanda kaskazini kuja kuzaa na kupandana katika maji ya joto. Huku Watamu huonekana hasa kuanzia Julai hadi Septemba, na wachache huchelewa mpaka Oktoba. Desemba wameshageuza kurudi kusini. Kwa hiyo bahari shwari na nyangumi haviji pamoja. Wao huja wakati wa kusi, na kusi ndiyo inayoichafua bahari nje ya mwamba. Ndiyo maana boti huondoka asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika nguvu.

Mkishapita mlango wa mwamba, msitafute mgongo, tafuteni pumzi. Huruka juu mita 3 au zaidi, nyeupe, na upepo huipeperusha mara moja, hivyo ni lazima jicho liwe tayari. Nyangumi akishapumua mara kadhaa hupinda mgongo, huinua mkia na kuzama kwa dakika nyingi. Pale alipozamia hubaki duara la maji laini, lisilo na kiwimbi hata kimoja ingawa bahari yote pembeni inachafuka, na nahodha mzoefu hulitazama duara hilo akakisia alikoelekea. Kijana wako ajitahidi kupiga picha ya upande wa chini wa mkia, kwa sababu mabaka yake meusi na meupe hayafanani kwa nyangumi wawili, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha hizo.

BintiKizimkazi

Nichukue swali la nahodha, kwa kuwa mimi nimekulia kijiji cha pomboo na jambo hili linaniuma. Kizimkazi, huku Zanzibar, tunao pomboo mwaka mzima, sawa na wenzetu wa Wasini na hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Watafiti waliowafuatilia hapa kwetu walionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwa karibu, pomboo hutumia muda mwingi zaidi wakisafiri na muda mchache zaidi wakipumzika. Mama mwenye mtoto anayenyonya ndiye anayeumia kwanza, kwa sababu mtoto huhitaji mama atulie ili anyonye.

Kabla ya kulipa, mwombe nahodha akueleze atakavyomkaribia mnyama, kisha umsikilize bila kumsaidia jibu. Anayejua kazi atakuambia kwamba hukaribia kwa ubavuni, mwendo wa polepole, akienda sambamba na mnyama, na kwamba hamkati njia kwa mbele wala hamfuati kwa nyuma. Kwa nyangumi atakuambia hubaki umbali wa mita 100, na kwamba kamwe haingii kati ya mama na mtoto. Akikuahidi kwamba mtawagusa, au kwamba mtaruka majini juu yao, tafuta mwingine. Muulize pia idadi ya boti anazokubali kukaa nazo mahali pamoja. Wapo manahodha wetu ambao wakikuta boti nyingi zimekwisha kuzunguka kundi huondoka, hata kama abiria wananung'unika. Hao ndio wa kuwapa fedha yako.

MwanaKilindoni

Shemeji zetu wa Kenya, msiisahau Mafia. Mkifungwa na ratiba ya Desemba, papa potwe ndiye jibu. Huonekana karibu na Kilindoni tangu takribani Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi, wanapofuata uduvi na viumbe vidogo vya majini karibu kabisa na pwani, mara nyingi jirani na wavuvi wenye nyavu zao. Huyu ni samaki, si nyangumi, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana madhara kwa mtu. Ngozi yake ina madoa meupe yaliyopangika kwa mistari, na mpangilio huo ni wa kila potwe peke yake. Anayeogelea naye asimguse, asitumie mwanga wa kamera, abaki mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani.

Kufika kwetu ni kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa chombo kutoka Nyamisati, na kwa mtu wa Nakuru naona ni safari ndefu ukiwa na mzee. Kuhusu nguva, wamo wachache mno kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Msimwahidi mtoto nguva.

MamaWaNakuru

Nimewaelewa, na asanteni kwa uwazi. Naona Agosti na Watamu vinashinda. Yamebaki mawili: mama yangu na fisi maji wa binti yangu.

MpwaniUghaibuni

La fisi maji nitalijibu mimi, kwa kuwa naishi California. Yule aliyemwona kwenye video, anayeelea chali akipasua kome kwa jiwe kifuani, anaishi Pasifiki ya Kaskazini tu, na huku kwetu huonekana vizuri katika ghuba ya Monterey. Hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi kama nyangumi. Manyoya ndiyo yanayomkinga na baridi, na manyoya hayohayo ndiyo yaliyomponza, kwani aliwindwa hadi kukaribia kutoweka kabla ya mkataba wa mwaka 1911 kumlinda. Fisi maji wa Afrika Mashariki ni wa mito na maziwa, Ziwa Victoria likiwemo. Mwambie binti yako mapema, dada, ili asimtafute Watamu akarudi na huzuni.

MuuguziMalindi

Kuhusu mama, kwanza amwone daktari wake kama ana presha au maumivu ya mgongo, kwa sababu boti ndogo hugonga mawimbi kwa nguvu. Daktari akimruhusu, ale chakula chepesi, anywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kuondoka na si baada ya kuanza kutapika, aketi katikati kuelekea nyuma ambako chombo hakirukiruki sana, na atazame upeo wa bahari badala ya simu. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha. Ya watoto iulizwe mapema.

Asiporuhusiwa hatakosa kitu cha kuona. Nyangumi wenye watoto hupenda kukaa karibu na nchi kavu, na mtu mwenye darubini na subira huweza kuona pumzi zao akiwa ufukweni. Jioni mpelekeni hori ya Mida, maji yake yametulia ndani ya mikoko na ndege ni wengi. Watamu pia wapo watu wanaowahudumia kasa walionaswa kwenye nyavu. Mvuvi hupiga simu, kasa hupimwa na kurudishwa baharini, na wageni huweza kushuhudia.

MamaWaNakuru

Nimeamua: wiki ya pili ya Agosti, Watamu. Mama atabaki ufukweni na darubini siku ya boti, kisha sote twende Mida. Je, nikodi boti asubuhi moja au mbili?

MkaaziWaWatamu

Panga mbili, ukitenga siku moja katikati, kwa kuwa kusi ikikaza nahodha mwema atakataa kutoka, na hapo usimbembeleze. Mkubaliane kwa maandishi kwamba safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa fedha inahamia siku nyingine, na uulize kama ada ya hifadhi ya KWS (shirika la serikali ya Kenya linalosimamia wanyamapori) imo ndani ya bei au inalipwa kando. Watoto wavae nguo za mikono mirefu na wabebe sweta. Asubuhi za Agosti huko nje kuna baridi ambayo wageni hawaitarajii.