Naomba ushauri: floraidi kwenye maji ya bomba

Wakuu, habari zenu. Mwanangu mkubwa ana miaka 8, na meno yake ya mbele ya ukubwani yametoka na vidoa vyeupe kama chaki. Maji yetu ya bomba huwekwa floraidi, madini ya kulinda meno, na nahofia vidoa hivyo vimetokana na floraidi kuzidi. Najua Grand Rapids, Marekani, walianza 1945 ili kuzuia meno kuoza, na ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji pekee hayanitishi. Kinachoninyima usingizi ni mdogo wake wa miaka 3: anakunywa maji yaleyale, na dawa ya meno, ambayo nayo ina floraidi, anaimeza, hajui kutema. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Nimpunguzie dawa ya meno, au ninunue chujio? Mliopitia hili, mlifanyaje?