Kuku hana kichwa, mbona anakimbia?

jogoo_shamba: Wakuu jana nimechinja jogoo, kichwa ninacho mkononi, mwili umetimua mpaka kwa jirani, sasa nani alikuwa anauamrisha??

Mzee wa Neva: Uti wa mgongo mkuu. Mule ndani kuna neva (mishipa ya fahamu) zinazopiga hatua kushoto kulia zenyewe, ubongo kazi yake kuwasha, kuzima na kuelekeza tu

dada_K: Mgoogle jogoo Mike wa Colorado, Marekani, 1945 shoka lilimwachia sikio moja na shina la ubongo, ndo linaloendesha kupumua, akaishi miezi 18 analishwa matone kooni!

jogoo_shamba: duh, na sisi je?

Mzee wa Neva: Sisi tunategemea zaidi ubongo wa juu, tena kwa kupishana, stroku (kiharusi) ikipiga ubongo wa kushoto mtu anapooza kulia