Kikundi: TAMASHA LA UBUNIFU SIKU NNE (ukoo na majirani)

JUMAPILI

Dada Mratibu 06:41
Shikamooni wakubwa, habari za asubuhi wengine. Ratiba naiweka tena kwa wale wa "sijaiona".
Alhamisi: mchana kutundika kazi, saa 11 jioni kufungua.
Ijumaa: warsha ya kuchapa fulana.
Jumamosi: kujenga kwa maboksi, usiku slaidi.
Jumapili: maonyesho ya kazi zote, kufunga, KUSAFISHA.
Siku zenyewe hazinitishi. Kinachonitisha ni Ijumaa usiku, pale ukumbi unapotakiwa uache kuwa karakana ya rangi uwe uwanja wa maboksi. Rangi mbichi na boksi havilali chumba kimoja, boksi linanyonya kila kitu. Nataka watu 6, saa 1 mpaka saa 4 usiku. Andikeni majina.

Dada Mratibu 09:15
Tiki za bluu 14. Majina sifuri.

Shemeji Umeme 09:32
Mimi nipo. Ila nina swali la umeme, nitaliuliza baadaye, niko juu ya ngazi.

Kaka Kompyuta 09:33
Ngazi ya nani? 😂

Mjomba Seremala 09:33
Tusianze.

Dada Mratibu 09:40
Mabango. Mwisho wa kupokea faili ni Jumanne saa 12 jioni, mchapaji hasubiri mtu. Binamu, waeleze kwa mara ya mwisho.

Binamu Chapa 10:22
Bango ni A1, yaani milimita 594 kwa 841. Ongezeni milimita 3 kila upande za kukatwa, faili liwe 600 kwa 847. Msipoziacha, kisu kikiyumba kidogo tu mnapata mstari mweupe pembeni. Maandishi yakae ndani angalau sentimita moja kutoka ukingoni.
Picha isiwe chini ya pikseli 3508 kwa 4967. Hiyo ni 150 kwa inchi, inatosha kwa bango la kutazamwa ukiwa umesimama hatua mbili. Ukitaka la kusoma kwa pua, zidisha mara mbili.
Kijani kile cha kuwaka kwenye simu hakichapiki. Kitatoka kama majani yaliyolala juani. Chagueni kingine wenyewe kabla mashine haijawachagulia.
Maandishi madogo yawe meusi ya wino mweusi peke yake. Mkichanganya wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi zinapata kivuli cha rangi.
Na TUMENI KAMA FAILI. Ukituma kama picha, simu inaibana na mimi napokea stempu ya posta.

Shangazi 10:25
Asante mwanangu. Nimekutumia.

Binamu Chapa 10:26
Shikamoo Shangazi. Umetuma kama picha.

Shangazi 10:27
Marahaba. Si ni picha?

Kaka Kompyuta 10:31
Jamani, kwa nini tusitawanye kazi nyumba kwa nyumba? Milano maonyesho makubwa ya samani yapo tangu 1961 kwenye viwanja vyake, lakini wiki hiyohiyo mji mzima karakana na nyua zinafunguliwa milango. Watu wanatembea mitaani. Ukumbi wa nini?

Dada Mratibu 10:34
Kila mlango unataka mtu wa kukaa. Nyumba 9, siku 4, zamu 2 kwa siku ni zamu 72. Mimi naomba watu 6 tangu alfajiri nimepata mmoja, na yuko juu ya ngazi.

Mjomba Seremala 11:05
Kutundika. Alhamisi msije mkapigilia misumari kwa macho. Katikati ya kazi iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, kila kazi, hata kama saizi zinatofautiana. Msumari unahesabiwa hivi: 150, jumlisha nusu ya urefu wa kazi, toa umbali wa kamba iliyovutwa mpaka ukingo wa juu. A1 iliyosimama nusu yake ni 42. Kamba ikiwa chini ya ukingo kwa sentimita 6, msumari unakaa 186. Vuteni kamba kwa kidole kabla ya kupima, ikiwa legelege mtapigilia chini mno na kazi yote itaning'inia chini ya mstari.
Ukuta wa kazi za watoto shusheni katikati iwe 120.
Njia kati ya paneli mita moja na nusu, kiti cha magurudumu kiweze kugeuka. Si kupita tu, kugeuka.

Dada Mratibu 11:07
Ndiyo nataka hivyo! Mjomba nimekuandika Alhamisi saa 3 asubuhi.

Mjomba Seremala 11:20
Sijasema nakuja. Nimesema jinsi ya kutundika.

Shemeji Umeme 14:48
Sasa lile swali langu. Binamu, warsha ya fulana ina pasi ngapi?

Binamu Chapa 14:50
Mbili. Na kikausha nywele kimoja cha kukaushia kati ya rangi na rangi.

Shemeji Umeme 14:53
Basi hapo pana moto. Pasi moja wati 2000, nyingine 2000, kikausha 1800. Jumla 5800. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye volti 230 mwisho wake ni 2990. Na ile yetu ni ya ngoma, mkiitumia ikiwa imeviringwa joto halina pa kutokea, waya unayeyuka kabla fyuzi haijashtuka. Ifunueni YOTE hata kama mnahitaji mita mbili.

Kaka Kompyuta 14:54
Pasi mbili za nini, Mjomba mwenyewe anavaa shati limekunjamana tangu nimjue 😂😂

Mjomba Seremala 14:55
Shati langu linakunjwa na kazi. Lako linanyooshwa na kiti.

Shangazi 14:55
😂😂😂 Amekupata

Kaka Kompyuta 14:57
Mjomba chapa hilo kwenye fulana

Shemeji Umeme 15:10
Narudia. Wati 5800 kwenye waya wa 2990.

Dada Mratibu 15:12
Pasi moja, kikausha hakuna?

Binamu Chapa 15:19
Pasi moja haitoshi kwa foleni. Rangi ya maji haishiki kitambaani mpaka ipigwe joto, kama nyuzi 150, dakika 3 hadi 5 kutegemea maelekezo ya kopo. Bila mvuke, karatasi katikati. Fulana moja dakika 5 maana yake 12 kwa saa. Watoto 40 watangoja zaidi ya saa tatu. Na ikipelekwa nyumbani haijapigwa pasi, ikifuliwa mara moja picha inabaki kwenye beseni.

Shangazi 15:20
Kama zile za siku ile.

Binamu Chapa 15:21
Shangazi, zile hazikuwa zangu.

Shemeji Umeme 15:26
Pasi ya pili itoke sakiti nyingine kabisa. Kwa Mama Mapacha kuna soketi ukutani upande wa ua, umbali haufiki mita 12. Waya usipite njiani. Ukilazimika kupita, uvuke njia kwa mkato mfupi na ubandikwe utepe urefu wote, si vipande vipande. Mama Mapacha unasemaje?

Dada Mratibu 15:27
@Mama Mapacha

Dada Mratibu 18:02
@Mama Mapacha soketi.

Dada Mratibu 20:30
Jumamosi usiku. Slaidi 20, kila moja sekunde 20, zinajisogeza zenyewe. Dakika 6 na sekunde 40 mtu anashuka. Huu mtindo waliuanza wasanifu majengo wawili Tokyo mwaka 2003, Astrid Klein na Mark Dytham, kwa sababu mbunifu akipewa kipaza sauti harudishi. Wasemaji 8, dakika 53 na sekunde 20, na nafasi za kupokezana tumalize kwa saa na robo.

Kaka Kompyuta 20:36
Zote niletewe kwa flashi Ijumaa, naziunga faili moja kwenye mashine moja. Hakuna kuchomoa kompyuta kati ya msemaji na msemaji, hapo ndipo muda unapokufa. Kila slaidi igeuzwe picha kwanza, la sivyo fonti yako isipokuwepo kwangu maneno yanaruka mstari.
Projekta yetu inataka umbali mara moja na nusu ya upana wa shuka. Shuka la mita 3, projekta iwe mita 4 na nusu nyuma. Nje tusianze kabla giza halijaingia vizuri, lumeni 3000 mbele ya jua la jioni ni kama kuwasha kibiriti mchana.
Na bango la ramani, ule msimbo wa QR: umbali gawanya kwa kumi. Mtu akisimama mita 2, mraba uwe sentimita 20. Mlioniletea ni sentimita 4, mtu ataubusu.

JUMATATU

Babu 05:58
Nimesoma yote. Rangi haitaingia ukumbini. Fanyeni nje chini ya turubai. Na turubai langu bado nalisubiri. Likirudi, nitatoa ufunguo.

Dada Mratibu 06:20
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Dada Mratibu 09:44
Wenzangu.

Dada Mratibu 10:50
Nimesema wenzangu. Bila ufunguo hakuna Alhamisi.

Binamu Chapa 11:15
Mimi sina neno na Babu, ila mjue kuchapa nje ni kazi nyingine. Rangi ya maji inakauka ndani ya wavu, ule wa fremu tunaopitishia rangi, ikipigwa na jua na upepo. Tundu zikiziba, fulana ya tano haitoi jicho, ya sita haitoi uso. Kwa hiyo kivuli ni lazima, si pambo. Kila ukimaliza kuvuta, rudisha rangi juu ya picha nzima bila kukandamiza, ikae imefunikwa mpaka fulana nyingine iwekwe. Chupa ya kupulizia maji iwe mkononi, ukungu tu, si kumwagilia.
Wavu wa fulana nyuzi 43 kwa sentimita, wa karatasi 77 mpaka 90. Msibadilishane. Ule wa fulana kwenye karatasi unamwaga rangi kama bomba.
Emalshani, ile dawa ya wavu inayogandishwa na mwanga, nitapaka Jumatano usiku, fremu zilale kifudifudi zikauke. Isipokauka kabisa, ukiisuuza baada ya mwanga inabanduka yote.
Chini ya fremu wekeni vipande vya kadibodi, wavu uwe juu ya kitambaa kwa milimita 2 au 3. Ukilala moja kwa moja kwenye fulana picha inavuja kingo.
Fulana mpya zifuliwe kwanza, zina dawa ya kiwandani inayokataa rangi.

Shangazi 11:40
Kwa hiyo turubai.

Shangazi 11:41
Mimi nilisema siku ileile lirudishwe likiwa kavu.

Mjomba Seremala 12:03
Turubai lipo. Lina tobo.

Shangazi 12:03
Tobo la nani?

Mjomba Seremala 12:04
Waulize waliolifunga kwenye ile nondo.

Kaka Kompyuta 12:05
Mimi niko kazini 🏃🏾

Dada Mratibu 12:06
Hapana. Leo hapana. Mjomba, tobo kubwa kiasi gani na linazibwaje?

Mjomba Seremala 12:31
Kama kiganja. Kiraka kizidi tobo sentimita 5 kila upande. Kona zikatwe mviringo, kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Futa kwa spiriti, paka gundi pande zote mbili, ngoja isishike kidole, kandamiza, usiku mzima chini ya ubao. Ni plastiki lile, usishone, kila tundu la sindano ni mlango wa maji.
Kulifunga: upande mmoja uwe chini kwa sentimita 40. Likikaa bapa linakusanya maji, na maji ya sentimita 5 kwenye mita moja ya mraba ni kilo 50. Nguzo ndiyo inayolia. Kila nguzo madumu mawili ya lita 20, yaliyojaa, yafungwe chini si yaning'inie. Upepo ukianza kulipiga makofi, shusheni kwanza, mengine mtajibizana baadaye.

Dada Mratibu 12:33
Kwa hiyo utaliziba leo na kumpelekea Babu kesho?

Mjomba Seremala 13:10
Kuziba nitaziba.

Dada Mratibu 13:10
Na kulipeleka?

Shangazi 13:15
Alipeleke aliyelichukua.

Shemeji Umeme 13:22
Nikiwa mtu wa kuoa tu hapa, naweza kulibeba. Ila sitaki kuulizwa maswali nikifika mlangoni.

Dada Mratibu 13:24
Shemeji nimekuandika.

Shemeji Umeme 13:25
Nimesema naweza.

Dada Mratibu 13:30
Maboksi ya Jumamosi, haraka kabla hamjapotea. Nani anakata?

Mjomba Seremala 13:41
Mawimbi ya ndani yasimame wima kwenye miguu, yakilala yanakunjika. Boksi la tabaka mbili kwa kinachobeba mtu. Mwanya wa kuingiliana ukatwe nusu ya kina kwa kila kipande, upana sawa na unene wa boksi au pungufu kidogo, ikizidi kitayumba. Visu vipya, rula ya chuma, pita mara tatu polepole. Kisu butu ndicho kinachoteleza. Watoto wadogo wabandike, wasikate.

Dada Mratibu 13:42
Hujajibu nani anakata.

Dada Mratibu 19:55
Hali ilivyo. Alhamisi kutundika: Mjomba (hajakataa). Ijumaa usiku: Shemeji, na wengine 5 siwajui. Jumamosi kukata: hakuna. Turubai: linazibwa, mbebaji "anaweza". Ufunguo: kwa Babu. Faili zilizofika sahihi: 3 kati ya 11. Shangazi, lako bado ni picha.

Shangazi 20:10
Nimetuma tena.

Binamu Chapa 20:12
Ni picha ya skrini ya ile picha, Shangazi.

Mama Mapacha 22:47
Jamani samahani, simu ilikuwa na watoto. Nimeona majina yenu tu yanapita. Warsha ni Ijumaa au Jumamosi?

Dada Mratibu 22:47
Ijumaa. Soketi ya ua, Mama Mapacha. Tunaweza?

Mama Mapacha 22:49
Ile haifanyi kazi tangu fundi alipoigusa.

Kaka Kompyuta 22:49
Fundi gani 👀

Shemeji Umeme *anaandika…*