Dhamira zangu zimefanana na maswali ya usaili: nifanyeje?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninasoma shahada ya kwanza ya saikolojia, na utafiti wangu, ambao ni wa kimaelezo (unategemea masimulizi ya watu, si takwimu), unahusu hali wanayoipitia walezi wanaoishi nyumbani na ndugu mwenye skizofrenia, yaani ugonjwa mkali wa akili. Nimewasaili walezi wanane kwa Kiswahili, nimenukuu sauti zote kwa maandishi, na nimepanga matokeo katika dhamira nne: changamoto za kifedha, changamoto za kijamii, changamoto za kihisia, na mbinu za kukabiliana nazo. Msimamizi wangu ameirudisha sura ya nne na kuandika pembeni kwamba huo ni muhtasari wa majibu, bado haujawa uchambuzi. Kila dhamira nimeitolea nukuu, kwa hiyo sioni kinachokosekana. Mwenzangu anayetumia dodoso naye ananiambia kwamba watu wanane hawawezi kuthibitisha chochote. Je, nitafute walezi wengine, au tatizo liko kwingine?

Mhadhiri msaidizi, Dar es Salaam

Mdogo wangu, weka dhamira zako kando ya mwongozo wako wa usaili. Ikiwa uliuliza kuhusu fedha ukapata dhamira ya fedha, ukauliza kuhusu majirani ukapata dhamira ya jamii, basi ulichonacho ni vichwa vya maswali yako mwenyewe. Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya 2006 kuhusu uchambuzi wa dhamira hutumiwa sana na wanafunzi wa saikolojia, wamelirudia jambo hili katika maandishi yao ya baadaye: dhamira ni maana inayopita katika masimulizi ya washiriki na kuyaunganisha, wala haitoshi kwamba wote wameizungumzia mada fulani.

Nitatoa mfano wa kutunga, na ninakuomba usibandike hapa maneno halisi ya washiriki wako. Tuseme mama mmoja anasema: "Harusini siendi siku hizi. Nikitoka, nani atabaki naye? Na nikienda naye, watu watatuangalia sisi, bibi harusi hawatamwona." Ukiandika pembeni "changamoto za kijamii", umeyafukia aliyoyasema. Misimbo, yaani maneno mafupi unayoandika pembeni kutaja maana ya kila kipande, iliyo karibu na usemi wake ingekuwa: hakuna wa kumwachia, kujitenga kabla ya kutengwa, kuhofia kuharibu shughuli ya watu. Sasa pitia usaili mwingine ukiwa na misimbo hiyo. Ukikuta baba aliyeacha kwenda msikitini na dada aliyeacha biashara ya sokoni kwa hofu ileile, huenda ukaunda dhamira inayosema kwamba mlezi hujifungia ndani pamoja na mgonjwa, na humo fedha, jamii na hisia vitakuwa vimeshikana, kama vilivyoshikana katika maisha ya watu hao. Ninapendelea dhamira inayoweza kuandikwa kama sentensi kamili, kwa sababu sentensi inaweza kupingwa na kutetewa.

Hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza, chambua kwa Kiswahili na utafsiri zile nukuu utakazozitumia tu.

Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi

Kuhusu idadi, watafiti Guest, Bunce na Johnson walichambua usaili 60 wa wanawake wa Ghana na Nigeria na kueleza mwaka 2006 kwamba kikomo cha data, yaani hatua ambayo usaili mpya hauleti tena jambo jipya, kilifikiwa ndani ya usaili 12 wa kwanza, huku misingi ya dhamira kuu ikionekana tangu usaili wa sita. Hata hivyo usiifanye 12 kuwa sheria, kwani washiriki wao walikuwa wanafanana kwa mengi. Dodoso la mwenzako linapima jambo limeenea kiasi gani, ilhali wewe unaeleza namna watu wanavyoishi nalo. Watetee wanane wako kwa kina cha masimulizi yao na kwa sababu zilizokufanya uwachague.

Muuguzi wa afya ya akili, Tanga

Naomba niongeze jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Mlezi alitoa ridhaa, lakini mgonjwa anayesimuliwa hakutoa. Kubadilisha majina hakutoshi katika mtaa ambamo mwalimu mstaafu mwenye vijana wawili wagonjwa anajulikana na kila mtu. Badilisha au ondoa kazi, idadi ya watoto na jina la kata pale ambapo uchambuzi hauvihitaji.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Morogoro

Ninawashukuru sana. Nimeanza kusoma upya, na ninaona kwamba walezi kadhaa huipima siku kwa usiku uliotangulia: mgonjwa akilala, kazi inafanyika na ugomvi unapungua. Sikuwa na swali lolote kuhusu usingizi. Je, inafaa kuwa dhamira?

Mhadhiri msaidizi, Dar es Salaam

Inafaa, na hiyo ndiyo dalili kwamba sasa unawasikiliza. Kabla ya kuipa jina, mtafute mlezi ambaye masimulizi yake yanaipinga, kisha umweke katika sura ya nne pamoja na wenzake.