Ukoo wa Mikindani: gemu za kutuliza kichwa

Shangazi Somoe: Assalaam aleikum wanangu. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, mwili umechoka ila usingizi hauji. Kuna gemu gani ya kwenye simu isiyo na kelele wala kupigana? Ile ya kupanga peremende nimeifuta. Roho zikiisha inaniambia nisubiri au nilipe, nazidi kupandwa na presha.

Hamisi: Waaleikum salaam shangazi, shikamoo. Pole na kazi.

Shangazi Somoe: Marahaba mwanangu. Nishapoa.

Fadhila: Shikamoo shangazi. Weka Hay Day. Shamba, kuku, ng'ombe, unaoka mikate unauza kibandani kando ya barabara. Ya bure. Mimi nikishamaliza nguo za wateja naingia humo, kichwa kinakaa sawa.

Hamisi: Dada, Hay Day nzuri, hilo sikatai. Ipo tangu 2012, imetengenezwa Ufini, na picha zake zinapendeza. Lakini bila bando haiendi, na mpango wake wote ni kusubiri. Ngano dakika 2, vingine masaa, na pembeni kuna almasi za kuharakisha. Almasi zikiisha zinauzwa kwa hela. Shangazi ametoka kulalamikia hichohicho.

Fadhila: Kusubiri ndiko ninakokupenda mie. Napanda, nafunga, narudi kwenye cherehani. Mazao hayaozi, nayakuta.

Hamisi: Kwako sawa, uko macho mchana kutwa. Shangazi simu ikimlilia saa 5 asubuhi kwamba ngano imeiva, ndiyo kwanza kasinzia. Akiiweka, kitu cha kwanza azime arifa.

Shangazi Somoe: Hapo umenena. Nipe nyingine.

Hamisi: Gemu ya kupumzika mimi naipima hivi: nikiiacha wiki nzima, nikirudi nitakuta nimepoteza nini? Kama jibu ni "hakuna", hiyo ndiyo. Kwa kipimo hicho ya kwanza ni Stardew Valley. Kaitengeneza mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani, zaidi ya miaka 4 peke yake: michoro, muziki, maandishi, vyote mkono wake. Ilitoka 2016 kwenye kompyuta, 2019 ikaingia kwenye Android. Unalipa mara moja, kama dola 5, basi. Haina matangazo na haitaki bando. Umekaa chumba cha mapumziko, mtandao haupo, unacheza.

Hamisi: Unarithi shamba la babu yako, limejaa magugu, mawe na visiki. Mwenyekiti wa kijiji anakuachia mbegu 15. Asubuhi jogoo anawika, unatoka mlangoni, unashika jembe, unalima tuta moja moja, unamwagilia. Udongo mkavu una rangi hafifu, ukiumwagilia unageuka mweusi. Siku moja ya mle ndani ni kama dakika 14 za kwetu, halafu unalala na gemu inajihifadhi.

Fadhila: Dakika 14 si saa inakimbia hiyo? Utulivu uko wapi?

Hamisi: Inakimbia, kweli, na siku za mwanzo mtu anaona kama amechelewa. Lakini amechelewa wapi? Usipomwagilia leo, mmea haufi, unakaa tu bila kukua siku hiyo. Ukiitwa wodini, fungua menyu, saa inasimama. Cha kuangalia ni msimu. Kila msimu una siku 28, ukiisha mazao yake mengi yanakauka.

Mjomba Selemani: Habari za asubuhi. Hamisi, hilo shamba lina mvua?

Hamisi: Shikamoo mjomba. Ipo, na siku ya mvua humwagilii.

Mjomba Selemani: Marahaba. Na ndege?

Hamisi: Kunguru wanakula mazao. Unasimamisha sanamu la kuwatisha.

Mjomba Selemani: Huyo bwana aliyeitengeneza amewahi kushika jembe. Mikorosho je?

Hamisi: Mikorosho haimo mjomba. Miembe imo, ila unaipata baadaye sana, kuna kisiwa cha kuvuka kwanza. Mche wa matunda unakua siku 28 unaanza kuzaa.

Mjomba Selemani: Siku 28! Mimi hapa Newala mkorosho nausubiri miaka 3 nione korosho ya kwanza. Na ule ugonjwa wa mikorosho, ubwiri unga, je?

Hamisi: Hakuna ubwiri unga, hakuna kupuliza salfa, na bei ya dukani haibadiliki mnada hadi mnada kama ya korosho.

Mjomba Selemani: Basi niwekee mimi pia.

Shangazi Somoe: Shemeji na wewe! 😄 Haya, karibu shambani.

Hamisi: Mjue tu maandishi yake ni ya Kiingereza. Mwanaisha atamsomea mjomba hadi azoee. Na shangazi, uvuvi wa mle uache kwanza. Samaki anarukaruka kwenye mstari na wewe unamfukuza kwa kidole, mikono inatoka jasho. Mgodini kuna vizimwi vya kupigana navyo, huko nako halazimishwi mtu kwenda. Lima, fuga kuku, salimia majirani, inatosha.

Mwanaisha: Shikamooni wote. Kaka Hamisi mbona hujasema Townscaper? Shangazi, hiyo ndiyo haswa ya kwako. Haina pointi, haina kushinda wala kushindwa, na karibu haina neno la kusoma. Mbele yako ni bahari tupu. Unagusa maji, *plop*, jiwe la gati linatokea. Unagusa tena, nyumba inasimama juu yake. Unachagua rangi, gemu yenyewe inaweka ngazi, madirisha, matao. Ukizungusha nyumba pande zote ukaacha nafasi katikati, panaota bustani. Ndege wanakuja kutua juu ya mapaa.

Mwanaisha: Mimi nilijenga Mikindani yetu. Nikapanga nyumba nyeupe kando ya ghuba, nikapandisha jengo kubwa nyuma yake kama lile Boma la enzi za Wajerumani, nikaacha vichochoro vya kupita. Niliikazania mpaka chaji ikaisha, na nilipowasha tena niliikuta vilevile.

Shangazi Somoe: Tuma picha tuione.

Mwanaisha: Nitatuma jioni shangazi, bando langu la sasa ni la meseji tu. Imetengenezwa na Oskar Stålberg, kwenye simu ilifika 2021. Ya kulipia nayo, mara moja tu.

Fadhila: Na sisi tusio na kadi za kulipia mtandaoni?

Hamisi: Alto's Odyssey, dada. Kwenye Android ni ya bure. Kijana anateleza juu ya mchanga wa jangwani, wewe kazi yako kugusa kioo aruke. Ina matangazo, ila ukizima data yanakata. Ingia sehemu yake ya Zen: pointi hakuna, sarafu hakuna, ukianguka unainuka unaendelea. Vaa spika za masikioni maana muziki ndio nusu ya raha yake. Kwa usingizi usiokuja, shangazi, anza na hiyo leo hii, punguza mwanga wa kioo.

Shangazi Somoe: Naipakua sasa hivi. Hiyo Stardew nitakutumia hela uninunulie.

Hamisi: Sawa shangazi, Ijumaa nikipita Lindi nakuwekea kwa kadi yangu. Asije mtu akawatumia faili la bure la Stardew kwenye makundi mkalipokea. Mafaili hayo huweza kubeba virusi, na ndani ya simu zenu kuna pesa.

Mjomba Selemani: Hamisi, huko kwenye Stardew maji nitachota wapi?

Hamisi: Kuna bwawa ndani ya shamba lenyewe mjomba. Lima karibu nalo.