Goba: Mbwa wanakatwa masikio kwa wembe bila ganzi, sheria ipo tangu 2008 na hakuna ofisi inayotaka kukusikiliza

Wakuu habari za jioni. Mi humu huwa msomaji tu ila hili limenikaa kooni siku ya kumi na moja leo na naona nikiendelea kulimeza nitakuja kugombana na mtu vibaya.

Nakaa Goba, Dar. Jumapili moja saa nne asubuhi nipo nyuma ya nyumba nafua, nikasikia kitoto cha mbwa kinalia kwa jirani. Siyo ule mlio wa mbwa kakanyagwa analia mara moja anajinyamazia, huu ulikuwa unapanda, unakatika, unaanza tena upya, mpaka mbwa wa nyumba ya tatu nao wakaanza kubweka. Nikaacha bomba linamwagika nikaenda hivyo hivyo na mapovu mikononi.

Nilichokikuta: chini ya mwembe kuna meza ya plastiki, juu yake limetandikwa boksi, juu ya boksi kuna kitoto cha Doberman cha kama miezi miwili, kijana mmoja kashika miguu ya mbele na ya nyuma, mwingine kambana kichwa, mdomo umefungwa kwa kamba ya kiatu. Fundi (sitamuita daktari na naomba msimuite daktari) ana wembe wa kawaida, ule wa kunyolea, kauvunja katikati. Pembeni ana kipande cha karatasi ngumu kakikata kwa umbo la sikio, anakilaza juu ya sikio la mbwa, anapita pembeni yake na wembe kama mtu anakata kitambaa cha suti. Alivyomaliza la pili akarudi nyuma akaangalia, akaona hayalingani, basi akarudi kulipunguza lile la kwanza ambalo alikuwa ameshalimaliza. Hapo ndo nilipiga kelele.

Nikamuuliza umempiga ganzi? Akaniambia dada yangu mbwa hasikii maumivu kama sisi, halafu hawa wadogo ukiwachoma sindano wanaweza kufa. Hasikii maumivu na mdomo umemfunga kamba, sasa umemfunga wa nini? Vipande vya masikio viko pale kwenye boksi vina manyoya yake mazuri tu na nzi wameshajaa. Akapuliza ile spirei ya bluu, akasimamisha masikio kwa mirija na plasta, akalipwa elfu hamsini, akahamia kwa anayefuata. Walikuwa sita. Na hawa sita mikia walishakatwa walipokuwa na siku tatu, hilo mi sikulijua, jirani mwenyewe ndo ananiambia kwa kujivunia kabisa.

Jirani sio mtu mbaya na nasema hivi kwa sababu najua mtaanza kumtukana. Tunasalimiana, misiba tunazikana, nikiumwa mke wake analeta uji. Nilivyomuuliza kaka unafanya nini akasema jirani, mteja hanunui Doberman mwenye masikio ya kulala, anaona kama koko, na huyu akishakatwa namuongezea laki mbili mpaka tatu kwenye bei. Basi. Hiyo ndo sababu yote. Laki mbili.

Siku ya tano kimoja kikaanza kunuka. Nilikiona kwenye geti kinasugua kichwa ukutani, plasta imelowa, sikio la kushoto limekuwa jeusi kwenye ncha, nilipoifunua kidogo kuna funza. Nikaomba nikipeleke kwa daktari wa mifugo mwenyewe, jirani akakubali ila akasema hatoi hela maana fundi alimwambia ni kawaida itakauka. Nikapanda bajaji na kile kitoto kwenye kanga mpaka Mbezi. Daktari akakipiga nusu kaputi, akasafisha, ikabidi aondoe nyama iliyooza, nikalipa elfu themanini na tano ambayo ilikuwa hela ya gesi na luku. Sikio moja halitasimama tena na lingine ni kama limetafunwa.

Yule daktari, kijana aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, alinielewesha vitu ambavyo natamani kila anayefuga angeambiwa. Sikio la mbwa ni gegedu, yaani ule mfupa laini unaopinda, iliyovishwa ngozi, limejaa mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, hakuna sehemu pale ambayo ni kama kucha au nywele useme unakata tu. Mkia ndo kabisa, ni mwendelezo wa uti wa mgongo, ni mifupa midogo midogo na misuli, ukikata umekata mfupa na neva, na zile neva zilizokatwa zinaweza kuota kinundu ambacho kitamuuma mbwa maisha yake yote ukikigusa. Halafu mbwa anaongea kwa masikio na mkia. Mbwa mwenzake anajua huyu anaogopa, huyu anataka kucheza, huyu ana hasira, kwa kuangalia hivyo viwili. Ukiviondoa umemfanya bubu kwa wenzake, na kwa watoto wako pia maana nao wanajifunza kusoma mbwa kwa mkia.

Nikamuuliza hakuna sababu ya kukata kabisa? Akasema zipo, mkia umevunjika vibaya, kuna uvimbe, umeoza, hapo ni matibabu, unampiga nusu kaputi, unampa dawa ya maumivu siku kadhaa. Yeye wateja wa kukata urembo anawakataa na anajua wakitoka pale wanaenda kwa mafundi wa mtaani wenye wembe. Anapoteza hela kwa kuwa mtu mwema na yule mwingine anakula hela kwa kuwa katili na hakuna anayemgusa.

Sasa najua kuna watakaosema mbwa akikatwa masikio anakuwa mkali. Jamani. Ukali wa mbwa unatoka kwenye damu ya wazazi wake na jinsi alivyolelewa, wembe hauna uchawi huo. Hizi imani ni za zamani sana, Warumi wa kale walikata mikia wakiamini inazuia kichaa cha mbwa, leo kila mtu anajua kichaa kinazuiwa na chanjo. Wengine watasema masikio yakisimama hayapati magonjwa, daktari anasema hakuna ushahidi wa kueleweka wa hilo. Na kinachoniuma zaidi ni tunasema tunafuga mbwa wa kizungu kwa hiyo lazima afanane na wa kizungu, wakati Doberman asili yake ni Ujerumani na Rottweiler vile vile, na huko huko Ujerumani kukata mkia kumepigwa marufuku tangu 1998 na masikio marufuku ilitangulia. Ukienda kwao leo utakutana na Rottweiler anatembea na mkia wake. Kuna mkataba wa Ulaya wa 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani umetaja kwa majina kabisa kukata mkia, kukata masikio, kuondoa sauti, kung'oa kucha. Hata Marekani ambako majimbo mengi bado yanaruhusu, chama chao cha madaktari wa wanyama kilisema mwaka 2008 kwamba kinapinga kukata kwa ajili ya muonekano. Sisi tunaiga picha ya mbwa ambayo wenyewe wameshaitupa.

Na 2008 hiyo hiyo ndo mwaka tuliotunga sheria yetu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya 2008. Mi nilikuwa sijui kama ipo, nimeisoma wiki hii. Mwanzoni kabisa inasema mnyama ni kiumbe mwenye hisia na kwamba ustawi wa wanyama unaonyesha ukomavu wa jamii. Inasema kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa. Inaongelea wakaguzi wa ustawi wa wanyama. Kabla ya hapo kuna Sheria ya Veterinari ya 2003 iliyounda Baraza la Veterinari, na mtu asiyesajiliwa hatakiwi kufanya kazi ya udaktari wa wanyama. Kwa hiyo yule fundi chini ya mwembe anagongana na sheria mbili kwa mpigo, kwenye meza ya plastiki, mchana kweupe, Jumapili.

Nikasema sawa, ngoja niifuate sheria.

Nikaanza serikali ya mtaa. Mjumbe akanisikiliza vizuri, mama mtu mzima, akasema mwanangu hili ni la mifugo nenda kata. Kata nikaambiwa afisa mifugo yuko fildi, rudi kesho. Kesho nikarudi, nikamkuta, nikamuonyesha picha kwenye simu. Akaangalia, akasema kweli hii siyo nzuri, lakini mbwa ni mali yake dada, mimi naingiaje kwenye geti la mtu? Nikamwambia sheria inakuruhusu, akaniuliza sheria gani. Sijamsema vibaya, alikuwa mkweli, alisema hajawahi kupewa nakala na hajawahi kuitwa semina ya hiyo kitu, kazi zake ni chanjo, machinjio na vibali vya kusafirisha. Kata yote ile, yuko yeye na pikipiki isiyo na mafuta. Nikaenda steshenari nikaprinti ile sheria kurasa zote nikarudi nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya faili.

Polisi ndo usiseme. Kaunta kuna afande wawili, nikaeleza, wa kwanza akauliza mbwa ni wako? Siyo wangu. Kakung'ata? Hajaning'ata. Sasa unalalamika kama nani? Nikasema kama mtu aliyeona kosa linatendeka. Akamuangalia mwenzake wakacheka, siyo kicheko cha ubaya ila wamecheka, akasema dada sisi hapa tuna kesi za watu. Nikaomba RB tu, waandike kwenye kitabu kwamba nimefika nimeripoti, akasema ataandika kosa gani. Nikamuonyesha karatasi. Akasema nenda mifugo wakupe barua ndo uje. Mifugo wanasema nenda polisi, polisi wanasema nenda mifugo, mi nina nauli ya kuzunguka siku tatu halafu fundi yuko mtaani anaendelea kukata.

Na msiseme afande ana makosa peke yake. Kama mtu hajawahi kuonyeshwa kwamba hiki ni kifungu cha kushtakiwa atakiandikaje? Dawati la jinsia na watoto lilipokuja vituoni watu walianza kupokelewa kwa sababu kuna mtu kafundishwa na kuna meza ina jina. Hii sheria ya wanyama ina miaka zaidi ya kumi na tano na haina meza.

Kingine kinachonitia hasira ni kwamba hawajifichi. Fungua Instagramu sasa hivi tafuta watu wanaouza mbwa Dar, utaona picha, namba ya simu, eneo, na maneno kabisa "ameshakatwa masikio na mkia" kama sifa, kama mtu anasema gari ina AC. Kuna ukurasa una video ya kukata, kitoto kinalia, chini watu wanaweka alama za moto na kuuliza bei. Yaani ushahidi wamejikusanyia wenyewe, wanautangaza wenyewe. Mkaguzi mmoja mwenye bando la elfu mbili anaweza kuwapata kumi kabla ya saa sita mchana. Kila mwaka 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa, sehemu nyingi tunapeleka mbwa kuchanjwa, wataalamu wanawaona kwa macho mbwa wenye vidonda vibichi vya masikio, wanachoma sindano, wanaandika kadi, wanaita anayefuata. Siku hiyo hakuna anayeuliza nani alimkata?

Kabla hamjauliza, ndiyo najua ng'ombe wanapigwa chapa za moto na hereni, na mi lile la chapa silipendi. Lakini ule ni utambuzi, una sheria yake ya 2010, mtu anaweza kukueleza ni wa nini hata kama mnabishana. Hiki cha masikio ya Doberman hakuna mtu hata mmoja aliyenieleza ni cha nini zaidi ya apendeze.

Kile kitoto bado kipo kwa jirani. Wenzake watano wameshanunuliwa, chenyewe hakinunuliki kwa sababu masikio yameharibika. Kikiona mtu mwenye kitu chochote mkononi, hata mswaki, kinaingia uvunguni mwa gari kinajikojolea. Nimeomba nikichukue, jirani anasema nilipe walau laki moja na nusu arudishe gharama.

Sasa nimekuja humu kwa sababu ya hili. Jirani ana jike lingine na tumbo limeshashuka, yeye mwenyewe anasema wiki ijayo linazaa. Mikia wanakata siku ya tatu. Kwa hiyo sina miezi, nina siku. Kama kuna mwanasheria humu, kama kuna mtu wa mifugo ngazi ya manispaa, kama kuna yeyote Dar hii aliyewahi kwenda kituoni kwa kesi ya mnyama na akatoka na RB mkononi, naomba aniambie alienda kituo gani, alimuona nani kwa cheo na alitaja kifungu gani. Naomba msinijaze ushauri wa kumwagia fundi maji ya moto. Nataka siku ya tatu awepo mtu mwenye kitambulisho kwenye lile geti kabla mkasi haujatoka kwenye begi.